Jiji Lililoteuliwa: Ni Hiba au ni Matumizi?



Ndugu msomaji, tarehe 1 Julai 2020, wakati korona imetufungia majumbani na vyuo viko kimya, Uganda ilipata majiji saba kwa siku moja: Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Hoima, Lira na Soroti yakafuata. Kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa na jiji moja tu, Kampala. Habari ile tuliipokea kama matokeo ya mpira. Wenye mji uliotajwa walishangilia, wenye mji ulioachwa walinung'unika, kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake.

Mpango wenyewe ulikuwa umeandikwa zamani kidogo. Dira ya 2040, iliyozinduliwa mwaka 2013, ilitaja Gulu, Mbale, Mbarara na Arua kuwa majiji ya kanda, na ikatenga mengine kwa kazi maalumu: Hoima kwa mafuta, Fort Portal kwa utalii, Jinja kwa viwanda, Moroto kwa madini. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Serikali haiwezi kuendeleza kila mahali kwa mara moja, basi ichague miji michache, iijaze barabara, umeme, viwanda na hospitali, nayo miji hiyo iwavute majirani zake.

Hoja hiyo haikuzaliwa Kampala. Mwanauchumi wa Kifaransa François Perroux aliandika mwaka 1955 kwamba ukuaji hautokei kila mahali kwa pamoja, bali hutokea penye vituo fulani kisha husambaa. Mwaka 1964 Ufaransa ikateua miji mikubwa minane kupunguza uzito wa Paris. Tanzania, katika mpango wake wa pili wa miaka mitano ulioanza 1969, ikataja miji tisa ya kukuza, kuanzia Tanga na Mwanza hadi Mbeya na Mtwara, na Dar es Salaam ikaendelea kukua hivyo hivyo. Rwanda iliteua sita mwaka 2013: Musanze, Rubavu, Huye, Muhanga, Nyagatare na Rusizi.

Wanauchumi wamebishana kama njia hii inafanya kazi, na wataendelea kubishana. Mimi nauliza jambo lililo nyuma ya ubishi huo: ni haki? Fedha inayojenga barabara ya Mbale imetoka pia kwa mkulima wa Pallisa na mchungaji wa Karamoja, kwa kodi ya sukari, ya sabuni, ya kila wanachonunua. Na kama ni mkopo, deni lake ni la wote, wakiwemo watoto ambao hawajazaliwa. Serikali inachukua cha wote na kumpa mmoja. Kwa ruhusa gani?

Tuna hadithi inayogusa jambo hili kwa karibu, nayo iko kwa Bukhari na Muslim. Bashir, baba yake Nu'man, alimpa mwanawe huyo zawadi, na mama akataka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Mtume akamuuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa hapana, Mtume alikataa kuishuhudia, akamwamrisha kumcha Allah na kufanya uadilifu baina ya watoto wake. Bashir akarudi, akaichukua zawadi yake.

Mtu akisimama hapo atasema kwamba jambo limekwisha: kuteua jiji moja ni dhuluma. Lakini mafakihi hawakusimama hapo. Walitofautisha hiba na matumizi. Hiba ni zawadi, na ndani yake watoto wafanyiwe usawa; Mahanbali wanasema ni wajibu, na wengi, wakiwemo Mashafi'i tunaowafuata wengi wetu huku Afrika Mashariki, wanasema ni sunna iliyotiliwa mkazo. Matumizi ni jambo lingine. Mtoto mgonjwa hununuliwa dawa, na hakuna anayemdai baba awanunulie dawa wale wazima. Mtoto wa miaka ishirini huvaa nguo ya mita nyingi kuliko wa miaka mitatu. Hapo uadilifu hupimwa kwa haja, na kutoa sawasawa kunaweza hata kuwa upumbavu.

Sasa chukua familia ambayo wengi wetu tunaijua, kwa sababu ndiyo iliyotuleta hapa. Watoto ni sita. Ng'ombe ni wawili, na shamba la kahawa halizidi ekari moja. Mmoja kati ya sita anafaulu vizuri, na baba anauza ng'ombe ili asome. Je, hii ni hiba au ni matumizi? Watano waliobaki hawakuulizwa. Ng'ombe walikuwa wao pia. Walikwenda kuwachungia na kuwakatia majani. Nadhani wazee wetu, bila kufungua kitabu chochote cha fiqhi, wana jibu. Wanasema huyu amesomeshwa *kwa ajili yetu*. Maana yake ng'ombe hawakutolewa zawadi. Waliwekwa mikononi mwa mtoto mmoja kwa haja ya nyumba nzima. Akimaliza akapata kazi, akawasahau, hakuna mtu kijijini atakayesema alikuwa na bahati. Watasema amekula ng'ombe wa wenzake.

Jiji lililoteuliwa liko katika hali ya mtoto huyo. Jambo lile lile, lami ile ile, linaweza kuwa hiba ya upendeleo au matumizi ya lazima. Kinachotofautisha ni sababu ya kuchaguliwa na kile kinachorudi kwa walioachwa. Sababu ni rahisi zaidi kuipima, kwa hiyo nitaipitia haraka. Hospitali ya rufaa lazima ikae mahali fulani, na ni bora ikae barabara zinapokutana. Mahali pakichaguliwa kwa sababu zinazotajika hadharani, aliyeachwa anaweza kuumia lakini hakudhulumiwa. Pakichaguliwa kwa sababu mkubwa fulani kazaliwa hapo, au kwa sababu uchaguzi uko karibu, basi tumerudi kwa Bashir.

Na tusijidanganye kwamba kutochagua ndiko uadilifu. Uganda imelijaribu hilo pia. Mwaka 1986 tulikuwa na wilaya 33. Leo ni zaidi ya 130. Kila kabila dogo na kila bonde lilidai wilaya yake, na mara nyingi likapewa. Kilichogawanywa ni nini? Ofisi, magari, na mishahara ya wenyeviti. Mama anayejifungua usiku hakusogezewa daktari kwa kubadilishwa jina la wilaya yake. Kugawa kidogo kidogo kwa wote kunaweza kuwa njia ya kutompa yeyote kitu, huku kila mtu akiridhika kwamba hakupitwa. Kwa hiyo sipingi kuchagua. Nashughulika na yanayofuata baada ya kuchagua.

Angalia Jinja, kwa sababu Jinja ni mtoto aliyechaguliwa kabla yetu. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa hapo Mto Nile unapotoka ziwani, na serikali ya kikoloni ikaufanya mji huo kuwa mji wa viwanda: nguo, shaba, na vinginevyo. Sababu ya kuuchagua ilikuwa nzuri kabisa, maporomoko hayahamishiki. Umeme ukaenda Kampala, ukavuka hata mpaka kuingia Kenya. Nguzo zilipita juu ya vijiji vya Busoga ambavyo viliendelea kuwasha kibatari, tadoba kama tunavyoita hapa. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, waliokuwa na sehemu kubwa ya viwanda na biashara, na mali yao ikagawiwa kwa waliokuwa karibu naye. Hapo palikuwa na hiba ya namna mbaya kuliko zote, zawadi ya mali ya mtu mwingine, na iliwaua wapokeaji wake: viwanda vikafa mikononi mwao. (Wapo Waislamu wanaousimulia wakati ule kwa fahari. Mimi sioni fahari katika kumnyang'anya mtu duka lake.)

Lakini weka kando mwaka 1972. Jinja ilikuwa na karibu miaka ishirini ya neema kabla ya hapo, na imekuwa na miaka mingi ya kufufuka baadaye, na bado Busoga inayoizunguka imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa kanda maskini za nchi. Mtoto alisoma, ndugu zake wakabaki walivyokuwa. Kuna mwanauchumi wa Sweden, Gunnar Myrdal, aliyeonya mwaka 1957 kwamba mji unaokua hausambazi tu neema, pia unafyonza: vijana wenye nguvu, akiba za watu, na wajanja wote huondoka vijijini kwenda kwake. Aliamini kwamba soko likiachwa lenyewe, mfyonzo hushinda. Anayesema maendeleo "yatatiririka" yenyewe hadi kijijini anapaswa kwanza kutuonyesha yalivyotiririka kutoka Jinja.

Hapo ndipo namkumbuka Sayyidna Umar (r.a.), kwa sababu naye alikuwa mteuaji wa miji. Basra na Kufa zilianzishwa katika ukhalifa wake, kwa amri, mahali palipochaguliwa kwa sababu za kijeshi, na zikawa vichwa vya Iraq. Wapiganaji walipotaka ardhi yenye rutuba ya Sawad igawanywe kwao, alikataa baada ya kushauriana na Masahaba. Aliitolea hoja Suratul-Hashr, ambayo katika aya yake ya 7 Allah anakataza mali isiwe kitu cha kupokezana matajiri peke yao. Ardhi ikabaki kwa walioilima, wakawa wanalipa kharaj, na kharaj hiyo ndiyo iliyowalisha watu wa miji mipya na waliokuja baada yao.

Sasa sikiliza alichouliza. Bukhari amepokea kwamba siku chache kabla ya kuchomwa kisu, Umar alisimama na Hudhayfa na Uthman bin Hunayf, wale aliowapa kazi ya kupima na kutoza ardhi ya Iraq, akawauliza kama hawakuibebesha ardhi kisichobebeka. Wakamwambia wameitoza inachokimudu. Akawataka waangalie tena. Kisha akasema kwamba Allah akimbakisha hai, atawaacha wajane wa Iraq katika hali ya kutomhitaji mtu yeyote baada yake. Hakupita siku nne akachomwa kisu.

Hakuuliza Kufa imekua kiasi gani, wala msikiti wa Basra unachukua watu wangapi. Aliuliza kuhusu mashamba yanayoilisha miji hiyo, na kuhusu mjane. Afisa mipango wa leo akiulizwa habari za jiji lake ataonyesha taa za barabarani. Sina ubaya na taa, lakini kipimo cha Umar kiko nje ya jiji.

Basi tukipeleke Mbale, mji ambao wasomaji wengi wa gazeti hili mnaujua. Nani aliyeijenga Mbale? Kwa sehemu kubwa ni kahawa ya milimani. Ushirika wa wakulima wa Bugisu ulioanzishwa 1954 uliweka makao yake mjini hapo, na mkulima wa Bududa na Sironko ndiye aliyebeba gunia. Na hata chuo chetu kikuu cha Kiislamu ni tunda la kuteuliwa: mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974 uliamua vijengwe vyuo viwili Afrika, kimoja Niger na kimoja Uganda. Cha Uganda kikafunguliwa Mbale mwaka 1988, si Kampala, kikiwa na wanafunzi 80. Nchi nyingine nyingi zenye Waislamu wengi kuliko Uganda hazikupewa. Anayesoma hapo kutoka Kenya au Tanzania ndiye ushahidi kwamba kile hakikuwa hiba kwa Mbale.

Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaingia jijini, na zaidi ya watu 20 wakafa. Maji yale hayakutoka jijini. Yalitoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako miti imekatwa ili kupata shamba, kwa sababu familia zimeongezeka na ardhi haijaongezeka. Ni miteremko ile ile ambayo mwezi Machi 2010 iliporomoka Nametsi, Bududa, na kuzika mamia. Wakati wa mafuriko Mbale ilikuwa jiji kwa miaka miwili, ina mstahiki meya na divisheni mbili, ya Kaskazini na ya Viwanda. Lakini mamlaka ya jiji hukoma kwenye mpaka wa jiji. Meya hana neno juu ya mti wa Bududa. Na mkulima wa Bududa hana sababu ya kuuacha mti usimame kwa faida ya mji ambao, kwa anavyouona yeye, huchukua kahawa yake kwa bei unayotaka na kumrudishia mikungu mitupu ya siku ya soko.

Hapa ndipo naona kosa la mpango wetu lilipo. Tuliwapa majiji cheo cha kuongoza kanda, tukayawekea mipaka ya kujitazama yenyewe. Fedha nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Mpango wa miundombinu ya manispaa, USMID, ulioanza 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulichukua miji 14, na fedha zilitolewa kwa kupima utendaji: mji unaotunza hesabu na kukamilisha kazi unaongezewa. Si vibaya, mwenye kutunza amana ndiye wa kupewa amana. Barabara zilizotengenezwa ni nzuri, nimepita juu yake. Ila lami ilikuwa ya manispaa, ikaishia kwenye mpaka wa manispaa. Sijaona kipimo cha utendaji kilichouliza nyanya za mkulima wa nje ya mpaka zinafikaje sokoni siku ya mvua.

Na kuna walioingizwa ndani bila kuhama. Arua ilipokuwa jiji, magombolola ya Ayivu, yaliyokuwa mashamba, yakawa divisheni ya jiji. Mtu alilala mkulima akaamka mkazi wa jiji, na muhogo wake ukiwa pale pale. Thamani ya ardhi ikipanda atafaidika akiuza. Asipotaka kuuza, kupanda huko kunamletea tozo, madalali, na kesi za mipaka na binamu zake. Ukimuuliza kama jiji linamwongoza, sijui atakuonyesha nini. Jiji lenyewe lilianza na bajeti ya manispaa na maofisa wengi waliokuwa wakikaimu, kwa hiyo lisingeweza kumpa mengi hata kama lilitaka.

Moroto nayo, mji wa madini katika Dira, ilipitishwa na Bunge mwaka ule wa 2020 pamoja na mingine ya kuanza baadaye, na bado inangoja. Karamoja ndiyo kanda maskini kuliko zote nchini. Kwa kipimo cha haja ilipaswa kuwa mbele. Kwa kipimo cha uwezo wa kubeba jiji iko nyuma, na kipimo hiki cha pili ndicho kilichoshinda. Naielewa hoja hiyo ya uwezo. Lakini mtoto mgonjwa akiambiwa dawa itanunuliwa atakapopata nguvu, tumeshatoka kwenye matumizi.

Wenzangu wanaosoma mipango miji, uhasibu na uhandisi watanijibu kwamba haya ni ya wakubwa. Si kweli kabisa. Katika nchi yetu kila halmashauri, ya wilaya na ya jiji, huitisha kongamano la bajeti kabla ya mwaka wa fedha kupangwa, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusema. Jumuiya zetu hupeleka watu kwenye daawa, kwenye hospitali na magereza, na hilo ni jambo jema. Sijasikia tukipeleka watu watatu kwenye kongamano la bajeti la jiji, wameshika karatasi yenye maswali mawili: jiji hili limechukua nini milimani mwaka huu, na katika makadirio haya ni shilingi ngapi zinazovuka mpaka kurudi huko? Wakijibiwa kwamba sheria hairuhusu jiji kutumia fedha nje ya eneo lake, waulize kuna makubaliano gani na wilaya jirani juu ya miti, barabara za mashambani na bei ya kahawa. Wilaya na jiji zinaweza kukaa meza moja, hakuna aliyezikataza. Swali la Umar halikuhitaji sheria mpya, lilihitaji mtu wa kuliuliza na maofisa wenye kulijibu wakiwa wamesimama mbele yake.

Na wewe uliyesomeshwa kwa ng'ombe, ukihitimu utakwenda Kampala. Sikulaumu, kazi ziko huko. Kampala na Wakiso peke yake zilikuwa na watu zaidi ya milioni tano katika sensa ya 2024, kati ya milioni 45.9 wa nchi nzima, na wengi wao walifika kwa njia hiyo hiyo. Ila utakapokuwa ndani ya ofisi inayopanga ni mji gani upewe nini, utakuwa unashika daftari la nyumba ya watu wengine. Ndugu zako watano bado wako kule, na ada ya mdogo wako wa mwisho inadaiwa muhula huu.

Wallahu a'lam.